Haki imo Katibani, fidia iko wapi? Safari ya kesi dhidi ya polisi katika mahakama za Marekani

Katiba ya Marekani inamkataza askari kumpekua mtu ovyo, kumkamata bila sababu ya kisheria, kumpiga kupita kiasi au kumnyamazisha kwa ajili ya maneno yake. Lakini isome yote, na ukiacha mali inayotwaliwa kwa matumizi ya umma, hutakuta mahali inaposema nani atamlipa mtu aliyefanyiwa hayo. Fidia, amri ya zuio, hata ruhusa ya kufungua kesi yenyewe, vimetoka kwingine: katika sheria zilizotungwa na Bunge na katika hukumu za majaji.

Ndiyo maana mtu anaweza kuingia mahakama ya shirikisho akiwa na video, vyeti vya hospitali na mashahidi, mwaka ukapita na hakuna aliyemuuliza kilichompata. Mahakama huanza na maswali mengine. Umemshtaki nani? Alikuwa anatumia mamlaka ya jiji, ya jimbo, au ya Washington? Unataka fedha, au unataka kitendo kikomeshwe? Je, kuna hukumu ya zamani inayofanana na kesi yako? Kesi nyingi hufia kwenye maswali haya, nazo hufa zikiwa na ushahidi mzuri.

Kuna jambo moja la kutenga kwanza. Katiba inaifunga serikali. Haimfungi jirani wala mwenye duka, ukiacha katazo la utumwa. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1883 na msimamo huo haujabadilika. Mwajiri binafsi akikufukuza kwa sababu ya dini yako, dai lako linatoka katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na unaanza kwa kulalamika kwenye tume ya shirikisho ya usawa wa ajira, EEOC, ndani ya siku 180, au 300 katika majimbo yenye chombo chao cha kupinga ubaguzi kazini. Mwenye nyumba akikataa kukupangisha kwa sababu ya rangi yako, iko sheria ya makazi ya 1968. Hayo yanataka makala yake. Hapa tunamzungumzia mwenye beji.

Sheria iliyolala miaka 90

Marekebisho 10 ya kwanza ya Katiba, yaliyoanza kazi 1791, yalikuwa yanaifunga serikali ya shirikisho peke yake. Mwaka 1833 mwenye gati mmoja wa Baltimore, aliyedai jiji limemharibia biashara kwa kujaza mchanga penye gati lake, aliambiwa na Mahakama ya Juu kwamba marekebisho hayo hayamgusi mkubwa yeyote wa jimbo wala wa jiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyobadilisha hali. Marekebisho ya 14, yaliyoridhiwa 1868, yalielekezwa kwa majimbo moja kwa moja: jimbo lisimnyime mtu yeyote uhai, uhuru wala mali pasipo utaratibu wa sheria, wala lisimnyime ulinzi ulio sawa wa sheria. Kupitia sentensi hiyo, na kwa hukumu za karne nzima iliyofuata, haki za yale marekebisho ya mwanzo zilihamishwa moja moja hadi zikaanza kuwafunga polisi wa miji na masherifu wa kaunti.

Katika miaka hiyo ya baada ya vita, Ku Klux Klan ilikuwa inaua na kutisha Wamarekani weusi waliotoka utumwani, huku masherifu na mahakimu wa Kusini wakishiriki au wakifumba macho. Kumpeleka aliyeonewa kwenye mahakama za jimbo ilikuwa kumrudisha kwa walewale. Kwa hiyo tarehe 20 Aprili 1871, chini ya Rais Ulysses Grant, ikapitishwa sheria inayomruhusu mtu aliyevunjiwa haki ya kikatiba na anayetumia mamlaka ya jimbo kwenda mahakama ya shirikisho kudai fidia au zuio. Leo mawakili wanaiita kwa namba yake katika sheria za shirikisho: kifungu cha 1983.

Kifungu hicho kilikaa karibu miaka 90 bila kazi kubwa. Kilichokiamsha ni kesi ya familia moja ya Chicago. Alfajiri ya tarehe 29 Oktoba 1958, askari 13 walivunja na kuingia nyumbani kwa James Monroe bila hati ya upekuzi wala ya kukamata. Kwa mujibu wa hati ya madai, Monroe na mkewe walitolewa kitandani wakasimamishwa uchi sebuleni, watoto wao sita wakiwa ndani ya nyumba. Kila chumba kilipekuliwa, droo zikamwagwa, magodoro yakachanwa. Kisha Monroe akapelekwa kituoni, akahojiwa kuhusu mauaji yaliyokuwa yametokea siku mbili kabla, akakaa saa 10 bila kupelekwa kwa hakimu wala kuruhusiwa kumpigia wakili, akaachiwa bila shitaka.

Utetezi wa upande wa pili ulikuwa wa kijanja. Walisema askari hao walivunja pia sheria za jimbo la Illinois. Basi hawakuwa wanatumia mamlaka ya jimbo, walikuwa watu binafsi waliokosea, na Monroe aende akawashtaki huko jimboni. Katika Monroe dhidi ya Pape, mwaka 1961, Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo. Askari aliyepewa madaraka na jimbo akiyatumia vibaya, bado ametumia mamlaka ya jimbo. Hukumu hiyo ndiyo iliyowafungulia watu mlango wa mahakama za shirikisho hadi leo.

Wasomaji walioko Marekani bila uraia huuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu. Kifungu cha 1983 kinamtaja raia au mtu mwingine yeyote aliye chini ya mamlaka ya nchi hiyo. Na mwaka 1886 Mahakama ya Juu ilishaamua, katika kesi ya mfua nguo Mchina wa San Francisco, kwamba Marekebisho ya 14 yanamlinda kila mtu, awe raia au mgeni.

Unamshtaki nani hasa

Hapa ndipo watu wanaojiandikia kesi bila wakili hukosea zaidi. Wanaandika jina la idara ya polisi, jina la jimbo, jina la meya, na mwisho "maafisa wengine", wakidhani wingi wa majina ni nguvu. Kila mmoja wa hao ana kanuni yake.

Jimbo lenyewe na idara zake haliwezi kudaiwa fedha kwa kifungu hiki. Uamuzi wa 1989 unaohusu polisi wa jimbo la Michigan ulisema jimbo si "mtu" kwa maana ya sheria ya 1871, na kabla ya hapo Marekebisho ya 11 tayari yalikuwa yanayakinga majimbo. Askari wa jimbo akishtakiwa kwa cheo chake, mahakama huhesabu kwamba umelishtaki jimbo, na dai la fedha linatupwa. Lazima hati ya madai iseme waziwazi kwamba anashtakiwa yeye binafsi. Kukosekana kwa neno hilo moja kumeua kesi nyingi zilizostahili kusikilizwa. Ukitaka zuio la kukomesha jambo linaloendelea, hapo unaweza kumshtaki afisa kwa cheo chake, kwa msingi uliowekwa mwaka 1908.

Jiji na kaunti zinaweza kushtakiwa tangu 1978. Kesi iliyofungua njia hiyo, Monell, ilifunguliwa na wanawake wafanyakazi wa jiji la New York waliolazimishwa kwenda likizo bila mshahara wakiwa wajawazito, kabla hali yao kuhitaji mapumziko. Ila kuna sharti: jiji haliwajibiki eti kwa sababu tu aliyekosa ni mwajiriwa wake. Mdai athibitishe kwamba madhara yametokana na sera ya jiji, mazoea yaliyoota mizizi, uamuzi wa mkubwa mwenye kauli ya mwisho, au mafunzo mabovu kiasi cha kuonyesha kwamba wakubwa walijua hatari na hawakujali. Tukio moja kwa kawaida halitoshi. Ndiyo maana mawakili wazoefu huanza kwa kutafuta malalamiko ya zamani dhidi ya kituo kilekile, au dhidi ya askari yuleyule.

Jaji na mwendesha mashtaka karibu haiwezekani kuwadai fidia kwa kazi yao ya mahakamani. Katika kesi ya 1978 kutoka Indiana, jaji alikuwa ameidhinisha binti wa miaka 15 afungwe kizazi bila yeye mwenyewe kujua. Aliambiwa ni upasuaji wa kidole tumbo. Mahakama ya Juu ilisema jaji huyo hadaiki. Ni hukumu inayouma kuisoma, na bado inasimama.

Kisha wapo maafisa wa shirikisho: FBI, uhamiaji, walinzi wa mpaka. Hawa hawaguswi na kifungu cha 1983, kwa kuwa hawatumii mamlaka ya jimbo. Mwaka 1971, katika kesi ya Bivens, Mahakama ya Juu iliruhusu madai ya moja kwa moja dhidi yao, ikaongeza aina mbili za kesi mwaka 1979 na 1980, halafu ikasimama. Tangu hapo imekataa kila ombi la kupanua njia hiyo, na uamuzi wa 2022 katika Egbert dhidi ya Boule umeifunga karibu kabisa. Kilichobaki ni sheria ya 1946 inayoruhusu kuidai serikali ya Marekani yenyewe kwa makosa ya wafanyakazi wake. Utaratibu wake ni tofauti kabisa: ndani ya miaka miwili unapeleka dai la maandishi kwa wakala husika, kwa kawaida kwenye fomu iitwayo SF-95, ukitaja kiasi kamili cha fedha. Usipotaja kiasi, dai halihesabiki. Wakala ana miezi sita ya kujibu. Akikataa kwa maandishi, una miezi sita kwenda mahakamani. Kesi husikilizwa na jaji peke yake. Mtu aliyekamatwa kwenye operesheni ya pamoja, polisi wa jiji na maafisa wa uhamiaji wakiwa bega kwa bega, ajue mapema nani alimgusa, maana njia zao hazifanani.

Kesi ya jinai ni ya serikali, kesi ya madai ni yako

Tarehe 4 Aprili 2022, huko Grand Rapids, Michigan, Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 aliyefika Marekani kama mkimbizi kutoka Kongo, alisimamishwa barabarani kwa sababu ya namba ya gari. Mvutano ukatokea, na askari akampiga risasi ya kisogoni. Wazazi wake walizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Askari huyo alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, walishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatarudia kesi.

Wengi waliofuatilia habari hiyo walidhani mambo yameishia hapo. Kesi ya jinai inafunguliwa na serikali, inataka uthibitisho usioacha shaka ya msingi, na kuanzishwa au kuachwa kwake kuko mikononi mwa mwendesha mashtaka. Kesi ya madai chini ya kifungu cha 1983, ambayo familia ya Lyoya ilikwisha kuifungua pembeni, ni ya familia, na kiwango chake ni uzito wa ushahidi tu: upande upi unaaminika zaidi kidogo. Kushindwa kwa moja hakuifuti nyingine. Minneapolis ilikubali kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27 mnamo Machi 2021, kabla juri ya jinai haijatoa hukumu yoyote.

Uhusiano unaotisha ni ule wa upande wa pili, pale wewe uliyepigwa ndiye uliyeshtakiwa. Mara nyingi aliyeumizwa hufunguliwa shitaka la kumzuia askari kufanya kazi. Ukikiri ili uachiwe upesi, uamuzi wa 1994 wa Heck dhidi ya Humphrey unaweza kukufungia mlango: huwezi kudai fidia ambayo ushindi wake ungemaanisha hukumu yako ya jinai ni batili, hadi hukumu hiyo ifutwe kwanza. Vilevile mwendesha mashtaka anaweza kukuambia atafuta shitaka endapo utasaini kwamba hutaidai serikali. Mkataba huo ni halali ukiwa umeingia kwa hiari. Mahakama ya Juu ilisema hivyo 1987. Wakili wa jinai aliyepewa na mahakama anaangalia usifungwe, na si lazima awe anafikiria kesi ya madai. Muulize kabla ya kusaini chochote.

Kinga yenye masharti

Tuseme umemtaja mtu sahihi, kwa njia sahihi. Sasa askari ataleta kinga yake. Maneno yake hayamo katika sheria ya 1871. Ilitengenezwa na majaji. Ilianzia 1967, katika kesi ya mapadri wa Kianglikana waliokamatwa mwaka 1961 kwenye kituo cha mabasi cha Jackson, Mississippi, wakipinga ubaguzi, na ikapewa sura yake ya sasa mwaka 1982. Inasema hivi: askari halipi chochote mpaka mdai aonyeshe, kwanza, kwamba haki ya kikatiba imevunjwa, na pili, kwamba siku ya tukio haki hiyo ilikuwa imeshathibitika wazi, kiasi kwamba kila askari mwenye busara angejua kitendo kile ni haramu.

Tatizo liko kwenye sharti la pili. Kuthibitika wazi kunamaanisha kwamba kabla ya tukio ilikuwapo hukumu ya Mahakama ya Juu, au ya mahakama ya rufaa ya kanda ileile, yenye mazingira yanayokaribiana sana na yako. Angalia ukaribu huo unavyopimwa. Huko Tennessee, askari walimwachia mbwa mtu aliyekuwa amekaa chini akiwa ameinua mikono. Ilikuwapo hukumu ya zamani ya mahakama ileile ya rufaa iliyoharamisha kumwachia mbwa mtu aliyekuwa amejisalimisha kwa kulala chini. Mwaka 2018 mahakama hiyo ikasema kulala si sawa na kukaa na kuinua mikono, kwa hiyo askari hawakuwa wameonywa vya kutosha. Huko Fresno, California, askari walituhumiwa kuiba zaidi ya dola 225,000 wakati wa upekuzi wenye hati halali. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikasema walipaswa kujua kwamba wizi ni uovu, lakini hakukuwa na hukumu iliyothibitisha wazi kwamba wizi wa namna hiyo unavunja Marekebisho ya 4, yale yanayokataza upekuzi na utwaaji wa ovyo. Kesi zote mbili Mahakama ya Juu ilikataa kuzipokea mwaka 2020.

Kuna kasoro nyingine ambayo haionekani kwa haraka. Tangu 2009 jaji anaruhusiwa kuruka swali la kwanza na kujibu la pili tu: haki haikuwa imethibitika, kesi imekwisha. Hasemi kama kitendo kilikuwa halali au haramu. Basi askari wa kesho akirudia kitendo kilekile, hukumu ya kumwonya bado haipo, na mdai wa kesho anaanguka palepale. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu mbaya kuliko zote katika mfumo mzima.

Watetezi wa kinga husema bila hiyo askari wangefilisika. Utafiti wa Joanna Schwartz uliochapishwa 2014, kuhusu idara kubwa 44 kati ya 2006 na 2011, ulikuta kwamba katika fedha zote walizolipwa wadai, askari wenyewe walitoa asilimia 0.02. Zilizobaki zililipwa na waajiri wao. Hoja hiyo ya mfuko wa askari haina miguu.

Mlango haujafungwa kabisa. Uovu ukiwa wa wazi mno, hukumu inayofanana haihitajiki. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu iliwanyima kinga walinzi wa gereza la Alabama waliomfunga mfungwa kwenye nguzo juani saa saba bila shati. Mwaka 2020 ikafanya hivyo tena kwa walinzi wa Texas waliomwacha mfungwa siku sita katika vyumba vilivyojaa kinyesi cha binadamu. Na kwa nguvu za polisi barabarani, kipimo cha 1989 kinauliza kama askari mwenye busara, akiwa pale pale kwenye tukio, angetumia nguvu kiasi hicho. Mei 2025 Mahakama ya Juu iliongeza kwamba lazima yaangaliwe mazingira yote, si sekunde mbili za mwisho kabla ya risasi.

Uzuri wa kujua haya ni kwamba hati ya madai inaandikwa ikiitazamia kinga. Tafuta hukumu ya kanda yako inayofanana, halafu eleza mambo kwa undani unaolingana nayo: mikono ilikuwa wapi, pingu zilishafungwa, nani alisema nini, kipigo kiliendelea sekunde ngapi baada ya mtu kutulia.

Hatua kwa hatua, na zinapokwama

Ushahidi unakwenda na maji haraka kuliko muda wa kesi. Video za kamera za mwilini zisizowekewa alama hufutwa baada ya muda uliowekwa na idara, na muda huo unaweza kuwa miezi michache tu. Barua ya kutaka video, simu za redio na ripoti zihifadhiwe itumwe wiki ileile, kwa njia inayoacha risiti. Nenda hospitali siku hiyohiyo na hakikisha daktari ameandika chanzo cha jeraha, si jeraha peke yake. Piga picha za majeraha leo na tena baada ya siku chache, maana michubuko hukolea baadaye. Andika namba za beji na za magari.

Majina ni muhimu kwa sababu ya ukomo wa muda. Kifungu cha 1983 hakina muda wake. Kinaazima ule wa jimbo kwa kesi za majeraha ya mwili. Tennessee na Kentucky ni mwaka mmoja, Texas na California miwili, New York mitatu. Unaweza kufungua kesi dhidi ya askari asiyejulikana jina, lakini mahakama nyingi hazikuruhusu kuliingiza jina lake baada ya muda kwisha, kwa hoja kwamba kutojua hakuhesabiki kuwa kukosea jina. Kwa hiyo maombi ya kumbukumbu za umma yapelekwe mapema, na kesi ifunguliwe miezi kadhaa kabla ya mwisho.

Madai ya sheria za jimbo, kama shambulio au kukamatwa isivyo halali, hutaka kwanza notisi, yaani taarifa ya maandishi kwa mdaiwa wa serikali, na muda wake ni mfupi zaidi: siku 90 kwa manispaa za New York, miezi sita California. Notisi hiyo haihitajiki kwa kifungu cha 1983. Wengi hupoteza madai ya jimbo kwa kutoijua.

Ada ya kufungua kesi katika mahakama ya wilaya ya shirikisho ni dola 405, na asiye na uwezo anaomba kusamehewa kwa kutoa kiapo cha mapato yake. Hati ya madai itenganishe kila mdaiwa na kitendo chake. Sentensi kama "washtakiwa walinipiga" haifai. Tangu maamuzi ya 2007 na 2009, mahakama hutupa madai yasiyo na maelezo yanayoaminika. Baada ya kufungua, una siku 90 za kuwafikishia wadaiwa samansi. Mdaiwa ana siku 21 za kujibu, au 60 akikubali kupokea bila kupelekewa rasmi. Kisha huja ombi la kutupa kesi, kubadilishana ushahidi, mahojiano chini ya kiapo, na ombi la hukumu bila kusikilizwa. Askari akinyimwa kinga, mara nyingi anaruhusiwa kukata rufaa papo hapo, na kesi inasimama miezi mingi. Mashahidi huhama, kumbukumbu hufifia, na upande wenye mshahara wa kila mwezi haudhuriki kwa kungoja.

Mkalimani ni jambo jingine la kupangia bajeti. Sheria ya 1978 inailazimisha mahakama ya shirikisho kutoa mkalimani katika kesi zilizoanzishwa na serikali ya Marekani. Katika kesi uliyoifungua wewe, mkalimani wa Kiswahili kwa kawaida ni juu yako.

Mfungwa ana mzigo zaidi. Sheria ya 1996 inamtaka amalize kwanza utaratibu wa malalamiko wa gereza, kwa fomu zake na siku zake. Akichelewa, hata kidogo, kesi inatupwa. Hata akisamehewa kulipa ada kwa mkupuo, atakatwa kidogo kidogo kwenye akaunti yake ya gerezani.

Kuhusu fedha, juri inaweza kutoa fidia ya hasara na maumivu, na fidia ya adhabu dhidi ya askari binafsi, lakini si dhidi ya jiji. Haki ikithibitishwa kuvunjwa bila hasara kuonekana, fidia inaweza kuwa dola 1. Mshindi hulipwa pia gharama za wakili chini ya sheria ya 1976. Katika kesi ya Riverside, California, fidia ilikuwa dola 33,350 na gharama za mawakili dola 245,456.25, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu iliziacha zisimame. Bila kanuni hiyo, wakili gani angechukua kesi ya mtu aliyevunjwa mkono na asiye na kazi? Ila mwaka 2025 Mahakama ileile imesema aliyepata zuio la muda tu, kisha serikali ikabadilisha sheria kabla ya hukumu ya mwisho, hahesabiki kuwa mshindi.

Njia ya jimbo

Baadhi ya majimbo yameamua kutosubiri Washington. Colorado, mwezi Juni 2020, ilitunga sheria inayoruhusu kuwashtaki polisi katika mahakama za jimbo kwa kuvunja haki zilizomo katika katiba ya jimbo, bila kinga yenye masharti. Mwajiri ndiye hulipa, lakini askari ambaye hakuwa na nia njema anaweza kutozwa binafsi asilimia 5 ya hukumu au dola 25,000, chochote kilicho kidogo. New Mexico ilifuata 2021: hapo anashtakiwa chombo cha umma na si mtu binafsi, kinga hiyo haitumiki, na kikomo kilichowekwa kilikuwa dola milioni mbili.

Mahakama za majimbo zinaweza pia kusikiliza kifungu cha 1983 chenyewe. Lakini ukiweka dai la shirikisho ndani ya hati hiyo, mdaiwa ana siku 30 tangu apokee samansi kuihamishia kesi yote mahakama ya shirikisho, na kwa kawaida atafanya hivyo. Mdai wa Denver au Albuquerque anayetaka kubaki mbele ya juri ya jimbo, na asiyekabiliana na ukomo wa muda, huwa anafungua dai la jimbo peke yake.